Mashine ya Rozalia Inagoma Kukamua

Benchi la Honorata muuza kahawa lipo Rusimbi, kando ya Ziwa Tanganyika, ubavuni mwa duka la spea za baiskeli, na kama hujawahi kulikalia hujakosa raha kubwa. Ni ubao wa boti kuukuu uliowekwa juu ya mawe mawili, na una msumari mmoja ambao kila mtu anaujua na hakuna anayeung'oa. Kila asubuhi Honorata akishatenga birika na kupanga vikombe vyake vidogo, wanajikusanya pale watu watatu wasiokosa. Kuna Castory, wanayemwita Mheshimiwa kwa sababu aligombea uenyekiti wa mtaa mara tatu, na mara zote tatu wananchi wakamwonea huruma wakamwacha apumzike. Kuna Eliakimu, jina la kijiweni Redio, na huyo hata ukimzima anaendelea. Halafu kuna Alphonce, yaani Plagi, aliyetengeneza injini za boti pale mwaloni Katonga kwa miaka thelathini na mbili. Alhamisi hiyo Plagi alifika na sura ya mtu aliyefiwa, akaweka kikombe pembeni bila kukigusa, akawaambia wenzake kwamba ana mashine ya kufulia na mashine haitaki kuzunguka.

— Inafua, alisema. Inajaza maji yenyewe, inasukasuka nguo vizuri tu. Ikifika pa kukamua, inanguruma kidogo, inawasha taa nyekundu, inanyamaza. Wiki nzima hivyo hivyo.

— Na shemeji anarudi lini? aliuliza Honorata.

— Leo.

Habari ya Rozalia waliijua wote. Mke huyo wa Plagi aliteleza kwenye mawe ya ziwani akiwa na beseni la nguo kichwani, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia, akaenda kuuguzwa kwa dada yake kule Mwandiga. Plasta ilikuwa imetolewa, mkono umeunga, lakini daktari alimwambia neno moja kwa mkazo: kupika sawa, kufagia sawa, kukamua nguo basi. Binti yao Catherine, aliyeko Mwanza, aliposikia hivyo akatafuta mashine iliyotumika kwenye nyumba ya wageni, akaisafirisha mpaka mlangoni kwa baba yake. Rozalia hakuambiwa. Plagi alitaka aingie uani aikute inazunguka.

— Namjua yule mama, alisema Plagi. Akikuta nguo zinachuruzika maji hatauliza daktari alisema nini. Atazikamua. Mkono utarudi kule kule ulikotoka.

Sasa kijiwe kile kina desturi yake. Jambo likiletwa pale linatatuliwa pale pale, watu wamekaa. Kusimama kwenda kuliangalia jambo lenyewe kunahesabiwa kuwa dharau kwa benchi. Basi Mheshimiwa akajikohoza, akaanza na umeme. Alieleza kwa kirefu kwamba umeme wa kufua na umeme wa kukamua si kitu kimoja, kwamba wa kukamua ni mkali zaidi na unapita chini ya waya, na kwamba nyumba ya Plagi bila shaka imepewa ule wa juu peke yake. Honorata akamuuliza amejifunzia wapi. Mheshimiwa akasema mambo mengine mtu anayajua tu kutokana na uongozi.

Redio hakukubali. Yeye alisema tatizo ni maji. Mashine imetoka Mwanza, imezoea ziwa la kule ambalo ni pana lakini fupi kwenda chini. Maji ya Tanganyika yametoka kwenye kina, ni mazito, na mashine ngeni lazima ishtuke.

— Yanapita bombani, Redio, alisema Plagi.

— Yanapita bombani lakini yanakumbuka yalikotoka.

Mheshimiwa akaona anapitwa. Akahamia kwenye mteremko, kwamba Rusimbi nzima imeinamia ziwani na kitu chochote chenye mzunguko kikiwekwa pale kinawaza kushuka. Redio akarudi na jingine kubwa zaidi. Alisikia, hakusema kwa nani, kwamba mashine za siku hizi lazima zisajiliwe kwa alama za vidole kama laini za simu, na hii itakuwa imesajiliwa kwa vidole vya mwenye nyumba ya wageni. Plagi anaibonyeza kutwa, nayo inamwangalia tu, inajua si yule.

Plagi alikuwa anasikiliza yote hayo, tena kwa moyo. Ndiyo ajabu ya mtu aliyebanwa. Fundi mzima, injini ngapi zimefia katikati ya maji akazifufua kwa bisibisi na kipande cha mpira, leo anakaa anajiuliza kama kweli vidole vyake ndiyo tatizo. Akavitazama. Viganja vilikuwa vimechubuka, ngozi imeinuka kwenye kila kiungo cha kidole.

— Una nini mikononi? aliuliza Honorata.

Plagi akasema mashine ikigoma yeye huinua kile kifuniko cha juu, anakomba maji kwa kopo mpaka chini, halafu anatoa nguo anazikamua mwenyewe. Shuka mbili, suruali, na ile ovaroli yake ya kazi ambayo Rozalia hakukubali itupwe. Siku ya kwanza aliona ni mchezo. Siku ya tatu alishindwa kushika kijiko.

— Hilo ndilo jibu, alisema Mheshimiwa. Hiyo mashine maisha yake yote imefua mashuka ya wageni. Umeiletea ovaroli ya Katonga, ina oili ya tangu enzi za baba zetu. Imeiona, imekata tamaa.

Wakacheka, na Plagi akacheka nao, kisha kicheko kikamwishia njiani. Alikumbuka kwamba kuna mtu alikabidhiwa ovaroli hiyo hiyo kila Jumamosi, ikinuka petroli na dagaa, na hakukata tamaa. Asubuhi ya Jumatatu ilikuwa inaning'inia mlangoni, safi, imepigwa pasi, mistari imesimama mikononi. Yeye anaivaa anatoka zake. Hata siku moja hakujiuliza maji yaliyokuwamo yalitolewa na nani, kwa mikono ipi.

— Jamani, alisema, na sauti yake haikuwa ya kijiweni. Mimi yule mama sijawahi kumshukuru. Namshukuru kwa chakula, kwa watoto, kwa kuniuguza. Kwa nguo, hata siku moja. Nilidhani zinakauka zenyewe.

Redio alitafuta la kusema akalikosa, jambo ambalo Honorata alilikumbusha kwa miezi mingi baadaye. Honorata aliinua birika ammiminie Plagi kikombe kingine, likatoa matone mawili na machicha. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Ndipo wakamwona Rozalia anashuka kutoka barabarani, kibegi begani, mkono wa kulia ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga. Alikuwa amewahi gari la kwanza kutoka Mwandiga.

— Mwakeye, aliwasalimia kwa Kiha, kama kawaida yake. Wanaume wazima mbona mmenyamaza? Nani amekufa?

Siri ilikuwa haina pa kujificha tena. Plagi akasimama, akampokea kibegi, akamweleza yote mbele za watu: Catherine amenunua mashine ya kufulia, ipo uani, inafua, haikamui, na yeye alitaka aikute imepona. Mheshimiwa akaongeza habari ya umeme wa chini ya waya. Redio akaongeza vidole. Rozalia aliwasikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha upande, halafu akauliza swali moja.

— Maji yake machafu inayamwaga wapi?

Mheshimiwa akamtazama Redio. Redio akatazama birika. Asubuhi nzima walizungumzia maji ya maziwa mawili, lakini hayo ya mapovu hakuna aliyeyataja. Rozalia aliuliza kwa sababu yake mwenyewe, maana tangu aolewe hajawahi kumwaga maji ya mapovu hivi hivi; anadekia kibaraza, yanayobaki anamwagia choo. Alitaka tu kujua kama mwanaume huyu ameyapoteza.

— Sijayapoteza, Mama Catherine, alisema Plagi haraka. Nimekuwekea pipa. Nimelipandisha juu ya matofali, limefika hapa, usije ukainama kuchota. Mpira wa mashine nimeufunga kule juu kabisa, mdomoni mwa pipa.

Mkono wake ulikuwa umesimama juu ya bega lake mwenyewe, ukionyesha urefu. Ukabaki hapo hapo.

— Na pipa limejaa? aliuliza Rozalia.

Pipa halikuwa limejaa. Pipa lilikuwa kavu kama siku aliyolinunua, na wiki nzima alikuwa anakomba maji tumboni mwa mashine kwa kopo, kama watu wanavyokomba maji kwenye boti, akidhani ndivyo inavyotakiwa, kwa sababu maisha yake yote chombo kikiwa na maji ndani mtu anachukua kopo. Mashine ina kipampu cha ukubwa wa ngumi. Yeye alikuwa amekiamuru kipandishe maji mpaka begani kwa mtu mzima. Kilikuwa kinanguruma, kinashindwa, na mashine yenye maji tumboni haiwezi kuzunguka.

— Nimefunga pampu za boti miaka thelathini na mbili, alisema polepole.

— Ndiyo maana mimi nikasema mteremko, alisema Mheshimiwa.

Kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe pale, watu wote wakasimama. Walifuatana mpaka uani kwa Plagi, Honorata nyuma kabisa na birika lake tupu mkononi. Plagi akafungua mpira kwenye mdomo wa pipa, akaushusha mpaka chini, akaelekeza mdomo wake kwenye beseni kubwa, kisha akabonyeza, nguo za asubuhi hiyo zikiwa bado zimo ndani na maji yake. Mashine ikanguruma ile ngurumo yake. Safari hii mpira ukatikisika, ukakohoa, ukatapika maji ya kijivu yenye mapovu, beseni likajaa, wakaleta la pili. Halafu kukawa kimya, na katika kimya hicho ndani ya mashine kitu kikaanza kwenda, taratibu, kisha kwa kasi, mpaka dirisha likatetemeka na Redio akarudi nyuma hadi mlangoni.

Rozalia alingoja mpaka ilipotulia. Akainua kifuniko kwa mkono wa kushoto, akavuta cha kwanza kilichomjia, nacho kilikuwa ovaroli. Kabla Plagi hajawahi kumzuia, alikuwa ameshakamata mkono mmoja wa ovaroli, akauzungusha na kuubana, kama alivyofanya kila Jumamosi ya maisha yake. Mazoea hayaulizi plasta. Halikutoka hata tone. Akafungua kiganja, akakitazama. Kilikuwa kikavu.

— Baba Catherine, alisema, haitoki kitu.

— Haitoki, mke wangu. Acha. Umekamua vya kutosha.

Alitaka kuendelea, alikuwa amepanga maneno mengi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache na yalitoka kwa shida.

— Asante kwa ovaroli. Zote, za miaka yote.

Rozalia alimtazama. Akatazama mikono ya mumewe iliyochubuka, akaugusa mmoja kwa kidole, akaelewa wiki hiyo ilivyokwenda bila kuambiwa. Macho yake yalilowa, na hakuyafuta. Akarudi nyuma hatua mbili, akayaona yale matofali yaliyopangwa vizuri chini ya pipa, akawaambia Mheshimiwa na Redio washushe pipa. Walipolishusha, akatoa safu mbili za juu kwa mkono wa kushoto, akachukua kibegi chake kwa mumewe, akakaa juu ya zilizobaki, kibegi mapajani, mkono wake mgonjwa juu ya kibegi.

— Haya, anika basi, alimwambia mumewe. Na ovaroli uigeuze ndani nje, jua lisije likaipausha.