Mzigo wa Kwenda Uskochi

Benchi la Sikuzani lilikuwa pale Chemchem, ng'ambo ya duka la Fakhrudin, na enzi zile za Mwingereza hakuna jambo la Tabora lililoamuliwa kabla halijapita hapo. Gavana hakulijua hilo, basi shauri yake. Sikuzani aliuza kahawa tungu na kashata. Midomo wateja walikuja nayo wenyewe. Alasiri hiyo Mzee Alois alikaa mwisho wa benchi, na kila akipiga funda jicho lilikwenda dukani. Mwanawe Modest, aliyemaliza Makerere, ameitwa Uskochi kusomea udongo, digrii ya pili. Ada imelipwa. Nauli ya meli na pesa ya kula, hapana. Fakhrudin yuko tayari kukopesha, na Alois ameahidi kuweka rehani nyumba yake, ile aliyojenga na mkewe Apolinaria, tofali wamefyatua wenyewe. Jibu linatakiwa kabla duka halijafungwa. Fahari ilimjaa Alois kifuani. Hofu nayo ilikuwamo, ila hiyo hakumwambia mtu.

— Babu yangu, — alisema, kwa mara ya pili siku hiyo, — alikwenda Bagamoyo na pembe ya ndovu begani, akarudi, akaenda tena. Na nguo za ujira kapewa kabla hajatoka! Deni hilo. Sisi kusafiri na deni hatukuanza leo.

— Tumesikia, Kilangozi, — alisema Eustace. Walimwita Alois hivyo kwa sababu ya babu huyo aliyeongoza misafara. Eustace mwenyewe, karani mstaafu wa stesheni, walimwita Telegramu.

— Hamjasikia la mwisho. Hatwishwi mtu! Mzigo uko chini, watu wanatazama, unainama mwenyewe, unajitwisha. Hapo umekubali, deni ni lako. Ukitwishwa na mwingine, siku ukiuangusha njiani utasema kosa ni lake.

— Mimi hoja yangu ni nauli, — alisema Telegramu. — Ramani nimeiona stesheni. Uskochi iko juu kabisa, sisi tuko chini. Kwenda ni kupanda, mwezi mzima. Kurudi ni mteremko, wiki moja. Kwa nini alipe sawasawa?

— Alipe nini? — alidakia Nikolaus, aliyeitwa Wakili kwa kuwa aliwahi kufika mahakamani, shahidi katika kesi ya mbuzi. — Sheria inasema deni la nchi kavu halivuki maji chumvi. Akikanyaga meli tu, limekwisha.

— Sheria ipi hiyo?

— Ipo. Ni kubwa, haijafika Tabora.

— Na nyumba ya Mama Modest? — aliuliza Sikuzani akipangusa kikombe. — Nayo inapanda meli?

Wakili akaona afadhali anywe kahawa.

— Msimtishe mzee, — Telegramu akaingia tena. — Kule Ulaya, bwana, mahari anatoa mwanamke. Modest akioa binti mmoja mwenye mashamba, deni kwisha, na Kilangozi anajenga ghorofa kule Kwihara!

— Mimi kinachonishinda ni huo udongo, — alisema Wakili. — Udongo si huu hapa, bure, umejaa mpaka kwenye kashata yangu?

— Wa kule umeganda. Unaupima vizuri, hauponyoki.

— Ala! Nyamazeni! — Alois aliinuka. — Kijana wangu akirudi, atasimama kwenye shamba la mtu Bukene amwambie kwa nini pamba yake inakufa. Nani mwingine Tabora hii? Mtajeni!

Alois akakaa, kidevu juu.

Nyuma yao alisimama mtu mwenye debe la asali, ameshuka sasa hivi na treni ya Mwanza, anangoja kikombe.

— Shikamooni, wazee. Wenceslaus naitwa, natokea huko huko Bukene. Samahani, mimi mgeni. Kijana mwenyewe anasemaje?

Wakili akamtazama Telegramu, Telegramu akamtazama Alois. Alois akakumbuka mezani nyumbani, Modest anafungua mdomo, na yeye anamkata: wewe soma tu, deni niachie mimi. Wiki nzima amemkata hivyo. Aibu ikamshika. Alikuwa akimtwisha mwanawe.

— Sikuzani, — alisema taratibu, — niongezee kahawa.

— Imekwisha, baba.

Hapo Modest akatoka dukani anaburura sanduku la bati lililojaa vitabu, Fakhrudin nyuma yake. Akaliacha katikati ya barabara.

— Shikamoo, Baba. Nyumba nimeitoa kwenye rehani. Deni ni langu, kwa jina langu, nitalipa kwa mshahara wangu nikirudi. Nyumba ya Mama haiguswi.

— Fakhrudin, umekubali? Bila rehani?

— Babu yangu aliwapa nguo babu zenu, — alisema Fakhrudin. — Nani alimwekea nyumba? Alitaka kuona mtu akijitwisha mbele za watu, basi. Na watu si hawa?

Modest akainama. Sanduku lilikuwa zito, likamrudisha chini. Alois akaruka, mikono mbele, amsaidie.

— Kilangozi! — Sikuzani alimwita.

Alois akasimama palepale. Akaipeleka mikono nyuma, akaishikamanisha kwa nguvu. Modest akavuta pumzi, akajaribu tena, sanduku likapanda goti, likapanda bega, akanyooka.

— Mnamwona? — Alois aliwauliza wenzake. — Jamani, mnamwona lakini?

Machozi yalimtiririka mpaka kwenye ndevu, na hakuyafuta, maana mikono ilikuwa bado nyuma.