Mama Kipimo Gani Anatuaga kwa Hiari Yake

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Mama Kipimo Gani anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya utumishi katika zahanati yetu. Jina lake halisi limo kwenye faili. Sisi wote, wagonjwa wakiwemo, tunamwita hivyo, naye huitika.

Mengi yaliyomo hapa yamesimuliwa na muuguzi mkuu, kwa kuwa aliyeandika alikuwa bado hajazaliwa.

Mama alisomea utabibu msaidizi nchi ya mbali kwa miaka mitatu, kaka yake fundi cherehani akimsomesha. Alirudi na cheti chenye mhuri mkubwa, lakini cheti hakikutosha. Baraza la matabibu lilimtaka afanye kazi mwaka mzima chini ya uangalizi wa daktari mfawidhi, mkuu wa zahanati hii. Akishindwa, leseni hapati, na jasho lote la kaka yake linakwenda na maji.

Mwezi wa pili wa uangalizi huo aliletwa mzee mmoja, fundi saa, amelegea na anasinzia. Kipimo cha sukari kikaonyesha kumi na nane. Huko Mama alikosoma, sukari huhesabiwa kwa namba kubwa. Mtu mwenye afya huwa na tisini, hata mia. Akaona kumi na nane, akajua mzee anazimika kwa kukosa sukari. Mbio akakoroga maji ya glukosi, akamnywesha. Kumbe kwa kipimo cha hapa, ambacho mwenye afya huwa na tano hivi, kumi na nane ni sukari iliyopanda kupita kiasi! Baada ya mafunda mawili mzee alifungua jicho moja: "Mwanangu, mbona tamu? Mimi sukari nimekatazwa tangu mwaka juzi."

Chumbani hawakuwamo wengine. Angeweza kumwaga kikombe kimyakimya. Badala yake alikwenda mlango wa pili akamwambia daktari kila kitu, wakamtibu mzee pamoja, kisha akaliandika kosa lake kwenye kitabu cha matukio kwa mwandiko mkubwa usiohitaji miwani. Mzee alipata nafuu baada ya siku tatu.

Baraza lilipokaa, wajumbe wawili walitaka afukuzwe. Fundi saa akatokea bila kuitwa, amevaa koti lake la harusini, akaomba kusema neno moja: "Huyu amekosea akasema. Waliokosea wakanyamaza, mimi nitawajuaje?" Mama akaongezewa miezi sita ya uangalizi, na mwishowe akapewa leseni.

Tangu hapo humtajii namba asiulize ni kwa kipimo gani. Mhudumu wa usafi aliyesema amechelewa kidogo tu aliulizwa kidogo hicho ni dakika au saa. Muuguzi aliyejisifu kuwa amepungua tano aliulizwa kilo au gramu.

Kliniki ya kisukari ya kila Jumanne ni kazi ya mikono yake. Amewapokea matabibu wasaidizi tisa waliosomea nje, na kila mmoja alionyeshwa mashine zetu zinavyosoma kabla hajaonyeshwa chai iko wapi.

Sheria inamruhusu kufanya kazi miaka mitatu zaidi, na mfawidhi wa sasa alimbembeleza abaki. Lakini mwezi Machi Mama alisimama kwenye kikao cha asubuhi akasema kwa upole kwamba wiki ile mara mbili alisoma nane akadhani ni tatu. Zote mbili alijisahihisha mwenyewe kabla dawa haijatoka. Daktari wa macho alikuwa amekwisha kumwambia kwamba macho yake hayatarudi yalivyokuwa. Sisi tulikuwa hatujui lolote. "Afadhali niseme leo," alisema, "mgonjwa akiwa mzima." Muuguzi mkuu akaanza kupiga makofi.

Asante, Mama, kwa yote uliyotufundisha. Tunakuombea siku nyingi zenye afya, kiti kizuri barazani, na wajukuu wa kukusomea magazeti kwa sauti.