Mama Vipande na Kuta za Wodi

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kusimama nasi leo, mimi ni mdogo wake marehemu, kitinda mimba wa nyumba yetu, na familia imenituma niwasomee maisha ya dada, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Vipande.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1971 katika hospitali ya wilaya, mtoto wa kwanza wa fundi mwashi na mshona nguo, akaanza shule ya msingi mwaka 1978, akamaliza sekondari mwaka 1988, kisha akaingia chuo cha ufundi na kuhitimu ujenzi Novemba 1991, msichana pekee darasani, na aliyemtania kwa hilo alijibiwa papo hapo, kwani dada hakuwa mtu wa kumung'unya maneno.

Kuanzia mwaka 1992 alisimamia majengo ya watu, na huko ndiko alikokutana na shemeji yetu, dereva wa lori la mchanga, ambaye siku ya kwanza dada alimrudisha na mzigo wake kwa kuwa ulichanganyika na udongo, siku ya pili akaleta mchanga safi, siku ya tatu akaja bila mchanga wowote, wakafunga ndoa tarehe 5 Julai 1997, wakajaliwa binti, ambaye sasa ndiye mkuu wa karakana ya mama yake, na mvulana, ambaye ni mwalimu.

Dada alichoka kuona majengo yakinyeshewa miaka nenda rudi yakiwa nusu ukuta, hivyo tarehe 2 Aprili 2012 alikodi banda lililokuwa la mashine ya kusaga unga, akaanzisha kampuni ya kumwaga kuta za zege karakanani, kuzipakia kwenye lori na kuziunganisha kiwanjani kwa kreni, watu wakacheka mpaka basi, wakasema nyumba haibebwi kama kabati, wakambandika jina la Mama Vipande, naye akaliandika kwenye mlango wa lori kwa rangi nyekundu.

Nyumba ya kwanza iliwatoa jasho, maana ukuta wa namna hiyo humwagwa ukiwa umelala kifudifudi, uso wa nje ukitazama chini, kwa hiyo mchoro lazima ugeuzwe, nao katika haraka yao hawakuugeuza, na kreni ilipomaliza kazi, nyumba nzima ilikuwa kushoto kulia, kulia kushoto. Mteja, muuguzi mstaafu, alikataa katakata, na alikuwa na haki, dada akajifunga kibwebwe, akammwagia kuta zote upya, na zile zilizokosewa akazisimamisha kwenye kiwanja chake, ndiyo nyumba hii tuliyokaa, ambayo sebule yake inatazama ukuta wa jirani na jiko lake linafaidi barabara.

Februari mwaka huu aligundulika kuwa na saratani ya ini, wakati kampuni ilikuwa imeanza kazi yake kubwa kuliko zote, wodi ya wazazi ya zahanati yetu, ambako mpaka leo kina mama hulala wawili wawili kitandani. Binti yake alipomwambia kwamba kazi itasimama hadi apone, alimjibu akiwa kitandani, mbele yangu, "Msinisubiri mimi. Zege likikomaa, pandisheni." Iliniuma sana, kwa sababu nilielewa anatuaga.

Alifariki Jumatano, tarehe 6 Novemba 2024, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania hadi mwisho, majirani waliotupikia na kutuazima viti, na mafundi wake waliombeba leo, ambao hawakukubali mtu mwingine ashike jeneza.

Mjumbe mmoja wa kamati ya zahanati alituuliza jana, kwa heshima zote, kama tungependa kazi ile ipewe mkandarasi mwingine, kwa kuwa mwenyewe hayupo tena, na familia imeniagiza nimjibu hapa, mbele ya watu wote, kwamba hapana, kuta zimekomaa, lori limepakiwa, shemeji yetu ndiye atakayeliendesha, na binti wa marehemu ndiye atakayesimama chini ya kreni.

Dada, lala kwa amani, Jumatatu asubuhi tunapandisha.