Sajini Mkuu Zadock Aloo Anakwenda Kujenga Kwake

Baada ya miaka ishirini na minane jeshini, Sajini Mkuu Zadock Okello Aloo anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025. Wanaodhani kambi itapumua wakae wakijua kwamba viatu vichafu bado ni marufuku.

Aliingia kuruta mwembamba kutoka Asembo Bay, akapelekwa kwa wahandisi, na huko kazi yake ikawa kutangulia. Popote tulipokwenda, Wajir, Garissa hata nje ya mipaka, tulimkuta Zadock ameshafyeka, ameshasimamisha mahema, amechimba vyoo na kupata maji. Mafuriko yalipobomoa daraja kule Budalang'i, yeye na vijana wake walitandika la muda, na akina mama wakavuka na kuku wao kabla kamanda hajalikagua. Hema lake halijawahi kuanguka, isipokuwa moja, na hilo tulikubaliana kuusingizia upepo.

Mkewe, Mwalimu Adero, ambaye sote tunamwita Mama Frankline, amelea watoto wao katika nyumba ya kupanga mtaani Migosi. Zadock hakukubali umbali umfanye mgeni kwao. Kila jioni palipokuwa na mtandao alipiga simu kumsikiliza binti yake Lornah akisoma hadithi za shuleni, na sisi tuliokuwa karibu tuliishia kuzikariri.

Lakini huyu aliyelijengea jeshi kambi chungu nzima hakuwa na boma lake. Kwao, mwanamume huanzisha boma jipya akitanguliwa na baba yake. Mwenye boma hubeba jogoo, mwanawe wa kwanza hubeba shoka, mke hubeba moto, na nyumba husimama siku hiyo hiyo ili walale humo. Kabla mtu hajahamia boma lake hivyo, mwanawe naye hawezi kujenga. Frankline, kifungua mimba, amepanga chumba Nyamasaria, ana mchumba, na anangoja.

Mara mbili siku ilipangwa, na mara mbili likizo ikafutwa, kwanza kwa uchaguzi, kisha kwa mafuriko yale ya Budalang'i. Mwaka juzi, akiwa na likizo fupi, Zadock akaamua kuokoa muda. Akachukua dira, kamba na vigingi, akapima boma zima peke yake: lango, jikoni, hata mahali pa mlinzi. Baba yake, Mzee Aloo, alipopata habari alijikongoja hadi pale, akang'oa vigingi vyote na kuvitia guniani.

"Zadock, hii si kambi," alimwambia. "Kambi mtu anatoka. Hapa utakaa mpaka uzikwe."

Zadock alitusimulia mwenyewe, akicheka mpaka machozi. Gunia liko stoo hadi leo.

Mwaka huu Mzee ameugua. Miguu imelegea na pumzi zimekuwa fupi. Desturi inaruhusu baba mdogo kushika nafasi yake, lakini Zadock anamtaka baba yake, na alijua hana muda wa kuchezea. Kwa hiyo mwezi wa sita, alipopewa cheo kipya na miaka mitatu zaidi ya kazi, jambo ambalo wengi wetu tungelirukia, alishukuru, akapiga saluti, akaomba kustaafu. Tuliumia, na hatuoni aibu kusema hivyo. Kikosi bila yeye ni ugali bila mboga.

Habari zilipofika Asembo, Mzee alikataa katakata kubebwa kwenye kiti siku hiyo ikifika. Mama Frankline anasema kila asubuhi mzee huyo anajizoeza kutembea kutoka mlangoni hadi zizini, na akikutwa njiani anadai anakwenda kutazama ng'ombe.

Jumamosi, jua likichomoza, Mzee ndiye atakayeongoza njia. Frankline ameshanoa shoka, na jogoo amekwisha kuchaguliwa, mwekundu na mkali kama Sajini Mkuu mwenyewe. Sisi vijana wake tumeomba kwenda kuezeka. Ametukubalia, kwa sharti kwamba hakuna atakayechimba hata shimo moja kabla Mzee hajasema ni wapi.

Sajini Mkuu, ahsante kwa kutufundisha kazi na kwa kutuvumilia. Wewe, Mama Frankline na watoto, tunawaombea afya, mavuno na usingizi mtamu chini ya paa lenu wenyewe. Nenda ukajenge, baba yako akiona.