Aliyetupeleka Timbaktu

Kakesio, Juni 1987. Ni miaka kumi na minne tangu niondolewe hotelini, na mwisho wa mwezi huu aliyeniondoa, Bwana Clemensi Qamara, naye anaondoka. Ameitumikia Hoteli ya Ukingoni miaka ishirini na minane, sehemu kubwa akiwa afisa utumishi. Hyasinta, mhariri wa jarida letu la hoteli, alinipata kwa simu ya upepo: "Mzee Sebastiani, wasifu tuandikie wewe, kalamu unaijua. Weka mazuri, na utani kidogo usioumiza. Ova." Kisha akaongeza kwamba mstaafu ana zawadi ya kuagana nami: nafasi yangu ya zamani ukumbini, pamoja na nyumba ya wafanyakazi Karatu. Anataka jibu kabla ya sherehe. Nilimwambia atapata wasifu na jibu kwa pamoja.

Bwana Clemensi alizaliwa Endamarariek, akajifunza kazi kwa mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa upande wa Oldeani. Mlowezi huyo alikuwa na neno moja kwa kila kilichopotea. Fundi hajaja, yuko Timbaktu. Ng'ombe kavunja ua, sasa yuko Timbaktu. Ndivyo Waingereza wanavyolitumia jina hilo: mwisho wa dunia, mahali ambapo mtu akienda haulizwi habari zake. Kwamba ni mji wa watu kule Mali, wenye misikiti na soko, na vitabu vilivyoandikwa kabla babu wa babu wa mlowezi hajazaliwa, mlowezi hakusema, na mwanafunzi wake hakuuliza. Alilichukua neno kama mtu anavyorithi kofia ya tajiri, bila kuangalia kama inamtosha.

Alipopewa utumishi, neno likapata ofisi. Hoteli ilikuwa na kituo hapa Kakesio, mapipa ya dizeli na mahema mawili, kwa ajili ya magari yanayoelekea nyanda za Serengeti. Mpishi aliyeunguza mkate na dereva aliyejibu kwa ukali waliambiwa maneno yale yale: "Kaka, kafungashe. Timbaktu." Desturi yetu ilikuwa kwamba anayehamishiwa huku haagwi. Lori liliondoka asubuhi huku wenzake wakijifanya wanapanga vikombe. Jina likazoeleka hadi likaandikwa kwa rangi nyeupe kwenye mapipa. Kule Qurus, kijijini kwetu karibu na Karatu, katekista aliwaombea "ndugu zetu walioko Timbaktu," na waumini wakaitika kwa huzuni kana kwamba tumevuka bahari. Kumbe ni safari ya siku moja ya lori, matope yakiruhusu.

Mwaka 1973 alifika mgeni kutoka Mali, daktari wa mifugo aliyekuwa na mkutano Arusha. Mimi nilikuwa mhudumu wa ukumbi, siku hiyo nikigawa chai barazani. Bwana Clemensi alikuwa akiwaonyesha Waingereza watatu upande huu wa kwetu.

"Kule, mabwana, ndiyo Timbaktu yetu. Hakuna kitu, hakuna mtu."

Daktari akaweka kikombe chini. "Samahani, bwana. Umewahi kufika Timbaktu?"

"Nani afike huko!"

"Mama yangu yuko huko. Anakaa nyuma ya soko."

Waingereza wakatazama vikombe vyao. Bwana Clemensi akatabasamu kama mtu anayesubiri mzaha uishe. Daktari akaendelea kwa upole: "Nitamwambia nimefika mbali mno, penye baridi na ukungu, ambapo hakuna anayemjua mtu wa kwetu. Ila sijui nitapaitaje, maana jina mmeshalitumia."

Nikacheka hadi maziwa yakamwagika kwenye trei, na sijutii. Kesho yake nilifungasha.

Haki itendeke: mstaafu wetu ni mchapakazi. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977 na wageni wakawa wachache kuliko wahudumu, aliwapanga wahudumu mstari getini walipokee lori la kabichi kwa tabasamu na taulo za moto, wasije wakasahau kazi. Sukari ilipoadimika, aliagiza koleo za sukari zibaki mezani na zing'arishwe kila asubuhi. Hakuchelewa kazini, hakuiba hata kijiko, na hakuwahi kuja Kakesio kuona alikotupeleka.

Angekuja angemkuta mke wangu Bibiana, aliyenifuata mwaka wa pili na binti yetu Germana, akikamua mbuzi. Angenikuta nikiwasomea majirani gazeti lililochelewa wiki mbili. Miaka ya kwanza niliota ngano ya Qurus, na hata leo harufu ya udongo uliolowa hunitoa nje. Kila Desemba niliomba kurudishwa, na kila Januari nikanyimwa. Halafu Desemba moja nikasahau kuomba.

Juzi jirani yetu Naishorua alipita na mzigo wa kuni, Bibiana akamweleza habari ya zawadi.

"Karatu?" akasema, mzigo ukiwa bado mgongoni. "Mama Germana, mbali kote huko? Nani atawajua?"

"Ndiko tulikozaliwa."

"Kuzaliwa, mtu anazaliwa popote. Mbuzi wako anazaa wiki hii, halafu wewe unataka kwenda kukaa na wageni!"

Bibiana akacheka, akanitazama, akaendelea kuchambua maharage.

Bwana Clemensi, asante kwa utumishi wako. Ufike Endamarariek salama, mahindi yakubali, magoti yasikusumbue, na wajukuu wakuzoee upesi. Ukitaka kutembea, huku kuna kitanda na chai ya maziwa. Uliza kwa Sebastiani Tluway, yeyote atakuonyesha. Nafasi ya ukumbini apewe anayeihitaji. Mimi sitarudi.