Habakuki Semboja, Mtunza Punda wa Kwaluguru (1972–2024)

Bwana Yesu asifiwe, na ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi ni Filemoni, mdogo wa marehemu, dereva wa malori, nimepewa kusoma kwa sababu wenye sauti nzuri wote wanalia.

Habakuki alizaliwa tarehe 14 Machi 1972, Kilole, Korogwe, mtoto wa pili wa mzee Peter na mama Raheli, akamaliza shule ya msingi hapohapo mwaka 1987, akajifunza utunzaji wa mifugo, na mwaka 1994 akahamia Kwaluguru, ambako kazi yake ikawa punda: kuwazoesha kubeba maji bila fimbo, kuwatibu vidonda vya mgongoni, na kuwagombeza wanaofunga mzigo bila kutandika magunia. Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Asnath, wakajaliwa Dennis na Upendo.

Tarehe 9 Juni mwaka huu aliitwa na jirani yake, mzee Kibwana, ambaye punda wake alikuwa akidondosha mate na kushindwa kumeza. Kama wafanyavyo wengi wa kazi hii, Habakuki alidhani gunzi limekwama kooni, akaingiza mkono, mzee Kibwana akiushikilia ulimi, nami, dereva niliyefika Lusaka na Lubumbashi, nikiwa nimejificha nyuma ya mkokoteni, naogopa teke. Gunzi halikuwepo. Punda alikufa kesho yake, Asnath akamsihi mumewe aende hospitali kwa mikwaruzo ya meno ya punda iliyobaki mkononi, yeye akacheka, akasema hajaumwa na mbwa.

Tarehe 4 Agosti mkono ulianza kumwasha, siku mbili baadaye hata kuona kikombe cha maji kulimtetemesha, na madaktari wakatuambia ni kichaa cha mbwa, punda naye hukipata. Kabla koo halijafunga kabisa aliniambia, “Filemoni, Kibwana naye alishika. Mpeleke.” Alifariki tarehe 8.

Mimi na Asnath tuliomuuguza tunachomwa sindano, na kila asubuhi nakunywa maji kwanza, nione kama yanapita. Mzee Kibwana, shikamoo, nimekuja kwako tena na tena, na jibu lako ni lilelile la marehemu, kwamba hukuumwa na mbwa. Lakini siku ile kidole chako kilikuwa na jeraha la panga, baba, na madaktari wanasema sindano inasaidia maji yakiwa bado yanapita, yakishakataa hakuna dawa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, na wafuga punda wenzake waliotuletea maji ya msiba huu. Tukishazika gari langu litakuwa barabarani, kiti cha mbele ni cha mzee Kibwana, na siliwashi mpaka akae.

Kaka, wewe pumzika kwa amani, mimi bado nina abiria wa kumfikisha.