Mashujaa Wawili Mlangoni na Kiti cha Bi Winifred

Kwa heshima kubwa, na kwa masikitiko ya kadiri, natangaza rasmi kwamba biskuti za tangawizi zimehamishwa kutoka meza ya dirishani kwenda meza ya jikoni. Uamuzi huu haukuwa mwepesi.

Mheshimiwa Diwani Bi Thackray. Mchungaji Orme, mwenye ukumbi. Bi Winifred Gaskin, mwenyekiti wetu tunayemuaga. Ndugu wageni waalikwa. Na wanachama wa Chama cha Wasomaji wa Hadithi za Wachawi na Vichekesho hapa mjini Ludlow: habari za jioni.

Wapo watu mjini humu wanaodhani tunakutana kila Jumanne kucheka majoka yenye mafua. Tunacheka, sikatai. Lakini ni Bi Winifred aliyetuonyesha kwamba joka likipiga chafya mwanzoni mwa kitabu, kabla ya katikati litakuuliza kama aliyechoma kijiji bila kukusudia ana hatia. Nani kati yetu alikuwa amewahi kujiuliza hivyo?

Chukueni riwaya ya mwisho aliyotuchagulia. Mashujaa wawili wanafika pamoja kwenye mlango wa ngome alimofungwa binti mfalme. "Tangulia, ndugu yangu." "Siwezi, tangulia wewe." Wanarogwa wasizeeke, wakaendelea hivyo miaka mia tatu. Binti mfalme akachoka, akatoka kupitia dirishani, akaenda zake. Ndipo zimwi linalofagia kizingiti likawauliza: mtu anayemwachia mwenzake kuchagua, amemheshimu, au amemtwika mzigo?

Tulibishana mpaka chai ikapoa.

"Hao ni waoga wenye adabu," alisema Bwana Cuthbert Pym.

"Ehe, na wewe Cuthbert?" akamjibu Bi Hilary. "Kipande cha mwisho cha keki wiki jana ulimwachia nani?"

"Nilikiacha kwa yeyote anayekitaka."

"Sote tulikiacha kwa yeyote anayekitaka. Nimekitupa mimi, kimeota ukungu."

Tulikubaliana kwamba suala ni zito, tukafunga mjadala, na Jumanne iliyofuata tukafanya yale yale ya wale mashujaa.

Maana Bi Winifred alitueleza kwamba anahamia mji wa Whitby kwa dada yake, Edith, ambaye macho yake yanafifia na hana wa kumsomea. Na kanuni ya ukumbi huu mnaijua: chama kisicho na mwenyekiti hupoteza siku yake, na Jumanne yetu inanyemelewa na watu wa dansi. Basi tukatafuta mrithi. Bwana Pym akampendekeza Bi Hilary, Bi Hilary akaona Bwana Pym anafaa zaidi, na kila mmoja wetu akamsifu jirani yake kwa maneno ambayo hatujawahi kuyatumia hata msibani.

Hapo tukakimbilia desturi ya vyama vyote vya nchi hii: achaguliwe asiyekuwepo chumbani. Tukamchagua kwa kauli moja. Aliyekuwa nje ni Bi Winifred, ameenda kututengenezea chai.

Alirudi na sinia, tukampa hongera. Akaweka vikombe mezani, kimoja kimoja. Akasema, "Hakuna shida yoyote, wapenzi wangu. Edith anaweza kusubiri kidogo." Akatabasamu. Ndugu zangu, sisi ni Waingereza. Tunajua mtu akisema hakuna shida kwa sauti ile, shida imekwisha kuvua koti na kukaa.

Tumesoma vitabu vingapi kuhusu uhuru wa kuchagua? Na katika vyote hivyo, nani alimfungulia mama huyu mlango?

Kwa hiyo, mbele ya Mheshimiwa Diwani, na ili kuaga huku kuwe kwa kweli, nafanya jambo lisilo la kistaarabu: napendekeza jina langu mwenyewe. Nautaka uenyekiti. Sijaombwa, na sitasema kwamba nimelazimishwa. Naona nyuso zimeinama, naelewa.

Naona pia mkono wa Bwana Pym. Anasema anaunga mkono ili keki ikatwe. Mchungaji Orme ametikisa kichwa kukubali, basi imepita.

Bi Winifred, tunakushukuru kwa kila chafya ya joka. Nenda ukamsomee Edith, na akicheka, msimamishe umuulize kwa nini. Nanyi nyote, asanteni kwa kunisikiliza kwa utulivu ambao sikuutegemea.

Teksi ya Bi Winifred, niliyoiita mimi, iko nje tangu nilipokuwa kwenye salamu.